Taulo la Baba Yenu

Fausta, mke wa mwanangu, nifungulie dirisha hilo la upande wa uani, halafu niinulie mto, nataka niwaone nyote ninapozungumza. Hapo hapo, ahsante. Athanasi, sogeza kiti karibu na kitanda, mimi sina ugonjwa wa kuambukiza, nina uzee na figo zilizochoka. Na wewe Dorine toka hapo mlangoni, keti kitini au mkekani, popote upendapo, ila usisimame kama mtu aliyekuja kuuliza njia katika nyumba uliyozaliwa. Mzee Saleh, jirani yangu, nakushukuru kwa kuja. Nimekuita wewe usiye wa ukoo wetu wala wa kanisa letu ili baadaye asitokee mtu wa kusema bibi alisema hivi wakati sikusema, maana humu ndani huna unachogombea zaidi ya kikombe cha togwa, na hicho Fausta atakuletea.

Sikilizeni basi, wanangu. Padre amepita asubuhi baada ya Misa, amenipa mpako wa wagonjwa, kanipaka kwenye paji la uso na kwenye viganja, na nilipokiona kile kichupa chake nikamwuliza, Padre, hayo mafuta mnayatunza gizani au dirishani? Akacheka, akasema, Mama Kunegunda, hata leo? Nikamwambia hata leo. Alipoondoka nikainua kiganja nikanusa. Sikusikia kitu. Nikanusa tena, nikanusa na shuka, nikanusa na sabuni aliyoiacha Fausta hapa, kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba safari imeiva, wala sikuhitaji daktari wa kunizungushia maneno.

Pua hii ndiyo iliyowalea. Watu wengine hujua mafuta yameharibika yanapoanza kunuka kama karanga za mwaka juzi, mimi nilijua mapema, yangali mazuri kwa kila mtu, nikinusa kifuniko tu nasema hili dumu liuzwe wiki hii, lile laweza kungoja. Baba yenu Sixbert alikuwa akinitania mbele ya wageni kwamba yeye alioa mbwa wa polisi, na mimi namjibu kwamba mbwa wa polisi angekwisha mkamata zamani. Eeh, cheka Athanasi, siku nyingi sijayaona meno yako. Sasa pua imenitangulia, na kinachofuata mnakijua, kwa hiyo leo yasemwe yote, na anayetaka kulia alie huku ananisikiliza.

Naanza na mali, kwa sababu mali ni rahisi kuisema. Nyumba hii ya Mfaranyaki namwachia Athanasi na Fausta, wao ndio waliokaa na mimi, wamenigeuza kitandani, wamenisafisha, sina cha kuwalipa. Ila chumba cha uani ni cha Dorine, asije mtu akakigeuza banda la kuku wala asikipangishe kwa mwalimu mgeni, akija akute kitanda na shuka. Shamba la Mshangano lenye miparachichi halikatwi, halivutwi kamba katikati, hakuna kusema hii ni miti yangu na ile ni yako. Ni lenu wawili, na atakayeleta mtu wa kupima ajue mimi nitakuwa namtazama. Mashine ya kukamulia na makaushio yote ni ya Athanasi. Stoo, pamoja na chupa za kahawia, mizani, nta ya nyuki na yale mavitamini ya kwenye jokofu, ni ya Dorine. Mmeona nilivyofanya? Nimempa mmoja mashine isiyo na stoo, nimempa mwingine stoo isiyo na mashine. Msidhani ni homa, nimefanya kwa akili zangu timamu, na Mzee Saleh ni shahidi.

Sasa tuje kwa yule tajiri wa Lizaboni. Athanasi, usiangalie chini, najua alikuja, najua ulimpa chai, na chai mimi siikatazi. Anataka mashine, anataka na jina, anataka ile picha yangu yenye kilemba ibaki kwenye chupa, halafu humo ndani atie mkorogo wake wa kuwachubua watoto wa watu. Nimewapokea wanawake uani kwangu, mnawakumbuka, wenye mashavu yaliyoungua na vidole vyeusi vilivyogoma kugeuka rangi, wanalia wanasema mama nisaidie, na mimi nikawapaka parachichi na ufuta wiki baada ya wiki mpaka ngozi ikarudi kuwa ngozi. Leo uso wangu huu ukauze kilekile kilichowaunguza? Hapana. Nakataa nikiwa hai na nitakataa nikiwa chini ya udongo. Mwanangu, ninaelewa kilichokufikisha huko. Mafuta yako ni safi, hakuna anayekamua kama wewe Songea hii, lakini hayadumu, ukiyapeleka dukani yanachacha kabla hayajaisha, wateja wanarudisha, unachoka. Hayadumu kwa sababu mwenye kuyafanya yadumu ulimfungia mlango.

Nitalisema hilo, msiogope. Lakini kwanza nataka mkumbuke tulikotoka.

Nilipoletwa hapa mke mpya, baridi ya Juni na Julai ilikuwa inawapasua watoto miguu mpaka damu inatoka, na huku maparachichi ya mama mkwe wangu yanaoza chini ya miti, nguruwe wanashiba. Mama mkwe alikuwa anachemsha ufuta, anaengua mafuta, anatupaka. Mimi nikajaribu parachichi. Nikaliunguza, nikalichoma, nikalichemsha likawa uji, majirani wakanicheka, mpaka nilipojua kulikata vipande vyembamba na kulikausha kivulini kwenye upepo kabla ya kulikamua, nikapata yale mafuta ya kijani yanayonywewa na ngozi palepale. Watu wakaanza kuja na vichupa vyao, kutoka hapa, kutoka Lizaboni, wanawake waliotoka kujifungua, wazee wenye visigino vilivyopasuka. Shida yetu ilikuwa moja tu, mafuta yalikuwa hayakai. Kila mvua ikinyesha nazika madumu shimoni, na baba yenu anasali kando ya shimo kana kwamba tunazika mtu.

Kisha Dorine akaenda kusomea mambo ya dawa, akaajiriwa huko Dar, akaja likizo, akakaa uani, akanitazama ninavyofanya. Baadaye akaniambia, Mama, pua yako ni sahihi lakini inachelewa, inakwambia mafuta yamekufa, mimi nataka tuyazuie yasife. Akanionyesha kwamba mwanga unayaua, hewa inayaua, na maji ndiyo mabaya kuliko vyote. Tukaacha chupa nyeupe. Tukajaza mpaka shingoni ili hewa isipate pa kukaa. Tukakausha karoti, tukailoweka kwenye mafuta ya ufuta, sufuria ndani ya sufuria, moto wa taratibu ambao hata paka angeulalia, mpaka vitamini A ikatoka na rangi yake ya machweo. Akaweka na matone ya vitamini E, akasema hii itailisha ngozi na itayalinda mafuta yenyewe, kazi mbili kwa mshahara mmoja. Nikamwuliza na ile vitamini ya machungwa na mapera mbona huiweki, akasema, Mama, ile inataka maji, na maji mimi siyataki humu. Mwaka ule chupa ya kwanza, tuliyoijaza jikoni moja kwa moja kutoka sufuriani, ilikaa kabatini mvua zote mpaka baridi ikarudi, nikaifungua, nikanusa, yako vilevile. Nililia. Dorine, unakumbuka, ulidhani kuna kitu kimeniuma.

Mlikuwa raha ya macho yangu, ninyi wawili. Athanasi anazungusha mashine huku anaimba vibaya, Dorine anapiga kelele kaka umelowesha kijiko, kaka nawe, kaka kausha! Ukabandika karatasi mlangoni mwa stoo kwa maandishi makubwa, HUMU HAKUNA MAJI, na baba yenu ndiye aliyejifanya askari wa ile karatasi. Mgeni akija na mikono mibichi anamsimamisha, anamsomea kwa sauti ya Kwaresima, anamrudisha akajifute. Padre mwenyewe alirudishwa.

Fausta, nipe maji kidogo. Kidogo tu. Basi.

Baba yenu alikuwa katekista maisha yake yote, mnalijua hilo. Alikuwa anabariki mbegu kabla ya kupanda, anabariki vifaranga, aliibariki pikipiki ya Athanasi mpaka taa ya mbele ikaingia maji. Na kila alfajiri ya siku ya kujaza chupa alikuwa anaingia stoo peke yake kabla hamjaamka, na kichupa chake cha maji ya baraka, anatia tone katika kila dumu na kulifanyia ishara ya msalaba. Ukimwambia Sixbert usitie maji, alikubali kwa moyo wake wote, maana alichokuwa anatia yeye, kwake, hayakuwa maji. Hakuna aliyejua, hata mimi niliyelala naye. Zamani tulipokuwa tunauza mafuta yakiisha wiki ileile, tone lile halikumdhuru mtu.

Halafu ukaja ule mzigo wa chupa uliopelekwa Dar. Dorine ulikuwa umeacha kazi, umewapa watu neno lako, umesema mafuta ya mama yangu yatakaa mwaka. Hayakukaa. Yakarudi na ukungu mweupe unaelea ndani, yananuka, watu wamekucheka, na wengine wamesema maneno ambayo sitayarudia. Ukashuka kwenye basi jioni, mwezi wa Rozari, jumuiya nzima imejaa uani kwetu, rozari imeshaisha, watu wanakunywa chai. Hukusalimia. Ukainua chupa, ukauliza, nani ametia maji? Kila mtu akaapa. Na baba yako, masikini ya Mungu, akasimama, akajibu kwa upole wake ule, hakuna aliyetia maji, mwanangu, mimi kila dumu huwa nalibariki kwa tone la maji ya baraka, labda safari hii sikusali vizuri.

Mnajua kilichofuata. Dorine, ulisema baba, maji yako ya baraka yana vijidudu, ni maji ya pipa, umeniua. Ulisema mbele ya watu aliowafundisha sala, watoto aliowaandaa kwa komunyo, wazee wenzake. Na wewe Athanasi ukainuka, ukachukua begi lake, ukalitupa barabarani, ukasema anayemtukana baba hapa halali, ukamfungia mlango, na mdogo wako akatafuta pa kulala gesti, katika mji wa mama yake mwenyewe. Mkitaka niwaamulie nani alikosea zaidi, sitawaamulia. Nilizaa watu wawili wenye hasira ya baba mkwe wangu, na siku ile ziliwaka zote mbili pamoja.

Ninachotaka kuwaambia ni kile msichokijua, na ndicho kilichonifanya nimwombe Mungu aniachie pumzi mpaka Dorine afike.

Watu walipotawanyika baba yenu aliiokota ile chupa. Kesho yake hakwenda kufundisha. Alikaa nayo pale kwenye ngazi, anaigeuza juani, akaniuliza, Kune, hiki cheupe ni nini? Nikamwambia ni ukungu. Akasema, basi mtoto amesema kweli. Akaigeuza tena juani, akasema, lakini Mungu naye hawezi kuwa ameleta ukungu. Akakaa na hayo mawili kutwa nzima, chakula hakula, nami nilimkalia pembeni nachambua ufuta.

Tulipokamua tena, alfajiri nikasikia nyundo. Nikatoka. Nikamkuta anapigilia msumari kwenye mwimo wa mlango wa stoo, pale chini ya karatasi yako Dorine, akatundika taulo, lile jeupe lenye mistari ya buluu tulilopewa jubilei ya ndoa. Kando, nje ya mlango, ameweka bakuli la maji ya baraka. Akachovya vidole, akajifanyia ishara ya msalaba, akawaombea watu watakaopaka, kina mama, watoto, wagonjwa, akawataja. Halafu akachukua taulo akajifuta, kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, akavipuliza, akavitazama, akajifuta tena. Ndipo akaingia, na mikono yake mikavu kabisa. Nikamwuliza, Sixbert, unafanya nini? Akanijibu, nawabariki watu, Kune, mafuta nimemwachia Dorine.

Umesikia, Dorine? Nimekwambia kama alivyosema. Mafuta nimemwachia Dorine.

Lia, mwanangu. Lia, nitangoja.

Nilitaka nikupigie simu siku ileile, akanikataza. Akasema usimwambie kwa simu, akija Noeli nataka aone mwenyewe. Kila Noeli ikikaribia alilifua taulo lile kwa mkono wake, analianika, analirudisha msumarini, anaketi upande unaoona barabara. Hukuja. Sikulaumu, aliyekufungia mlango hakuwa amekufungulia. Mvua za mwaka juzi kifua kikambana, siku chache tu, akaondoka, na wewe ulipofika kwenye mazishi ulikaa mwisho kabisa wa wanawake, matanga hayajaanuliwa ukawa umeshapanda basi. Nilipojaribu kukueleza kwenye simu ukasema, Mama, habari za mafuta tusiongee. Nikaziweka. Athanasi, wewe ulikuwa mle ndani unakamua, ulimwona kila siku akijifuta, ukadhani ni uzee. Siku moja baada ya msiba ulilivuta lile taulo ukitaka kufutia grisi, nikakupigia kelele mpaka ukashtuka. Sasa umejua kwa nini nilikupigia kelele.

Baba yenu alimsamehe Dorine zamani, tena alimtii, na wewe ungali unamkasirikia kwa niaba yake. Amekutuma nani? Jana ameshuka kwenye bodaboda, amekuja mpaka mbele yako, amekwambia shikamoo kaka, na wewe ukaguna kwa pua kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi. Nilisikia, kitanda hiki kina masikio. Mwitikie. Sasa hivi, hapa, mbele ya Mzee Saleh. Dorine, mwamkie tena kaka yako.

Haya.

Sikusikia, Athanasi. Sema kwa sauti ya mtu mzima.

Marahaba. Ahsante. Ahsante, baba yangu. Neno moja, na limetuchukua miaka.

Nimechoka... ngoja. Fausta, mto. Naendelea.

Mtanizika pembeni ya Sixbert, upande wa kushoto, ndiko nilikolala siku zote. Msiwaache watu wakahutubia sana, jua la pale makaburini ni kali na wazee watazimia. Wanawake watanikosha na kunipaka, nawaomba wanipake mafuta yetu, nisiende na losheni ya dukani, Mungu hatanijua. Lakini kwenye kuniosha Athanasi hatakuwepo, ndiyo desturi, na mimi nawataka wote wawili. Wala maiti hajui mkono wa nani uko wapi. Kwa hiyo nipakeni leo. Nipakeni sasa hivi, ningali najua huyu ni nani na yule ni nani.

Yako mafuta ya wiki hii kwenye lile bakuli lililofunikwa, hapo mezani. Athanasi ameyakamua juzi. Dorine... fungua, ninusie. Pua yangu ni wewe tangu leo. Yakoje?

Usiniambie mimi. Mwambie kaka yako.

Mazuri, eeh? Nilijua. Basi kesho weka ile vitamini yako, na yeye atakamua, na tajiri wa watu mtamrudishia jibu wawili mkiwa mmesimama pamoja mlangoni. Sitaki kiapo. Nataka kesho asubuhi, nikiwepo au nisipokuwepo, Fausta asikie mashine inalia na mtu anapiga kelele kaka umelowesha kijiko.

Sasa nenda, Dorine... nenda mlangoni kwa stoo. Bakuli la baraka lipo palepale, Fausta huyabadilisha maji. Taulo lipo msumarini. Chovya... jifanyie ishara ya msalaba. Mwombee baba yako. Halafu jifute, kama alivyofanya. Athanasi, wewe... mkono huu wa kulia ni wako, yeye nimemwekea wa kushoto. Anza taratibu, usikamue, mimi si parachichi.

Mungu awabariki, wanangu. Awabarikie mikono. Awape kuzeeka pamoja... mkigombana mchana, jioni mpikiane chai. Fausta, ubarikiwe wewe na tumbo lako. Mzee Saleh, na wewe, kwa dua zako. Baba yenu... na mimi... tunawaachia... hasira hatuwaachii. Hiyo tunaondoka nayo.

Dorine? Umerudi? Nionyeshe vidole.

Katikati... katikati ya vidole pia. Eeh. Hivyo hivyo.

Athanasi... sogea, mpishe mdogo wako apite.